Kuzunguka Oregon kwa baiskeli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu njia za misitu, jangwa la juu na mito

Maswali haya hurudi kila msimu kutoka kwa watu wanaojiandaa kuzunguka jimbo la Oregon, Marekani, wakiwa na baiskeli yenye mizigo. Sikuyapanga kwa umuhimu. Ukiwa na haraka, soma lile la kuvuka milima ya Cascade na lile la maji, kisha mengine utayarudia ukipata nafasi.

Kwa nini watu wengi huchagua Oregon?

Kwa sababu ya safu moja ndefu ya milima. Safu ya Cascade imelikata jimbo kutoka kaskazini hadi kusini. Mawingu ya Bahari ya Pasifiki yakigonga safu hiyo humwaga mvua upande wa magharibi, na ndiyo maana huko kuna misitu minene, vimea vya kijani vilivyotanda kama zulia kwenye kila shina na mito isiyokauka. Upande wa mashariki unaambulia masalio. Mji wa Bend, ulio chini tu ya milima hiyo, hupata takriban milimita 300 za mvua kwa mwaka. Huko ndiko linakoanzia jangwa la juu: uwanda ulio kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, wenye mireteni, vichaka vya rangi ya kijivu na anga isiyo na mwisho. Kisha mito kama Deschutes na John Day imelipasua jangwa hilo makorongo hadi inapomwaga maji yake kwenye Mto Columbia. Unaweza kuamka asubuhi kwenye ukungu wa msituni na jioni ukapika chakula mahali ambapo kivuli pekee ni cha baiskeli yako.

Sababu ya pili ni sheria. Tangu 1971 Oregon inalazimika kutumia angalau asilimia 1 ya fedha za barabara kuu kwa njia za miguu na baiskeli. Jimbo pia lina mtandao rasmi wa njia 17 za baiskeli zenye mandhari, ulioanza na njia ya Bonde la Willamette mwaka 2005. Njia hizo zina vibao vyake barabarani, na ramani zake hutolewa bure.

Sijawahi kusafiri kwa baiskeli siku nyingi mfululizo. Nianzie wapi?

Bonde la Willamette. Ni kilomita 216 kutoka hifadhi ya Champoeg hadi karibu na Eugene, na sehemu kubwa ni tambarare yenye mashamba na miji midogo iliyokaribiana. Ukisahau kitu, duka haliko mbali. Pancha ikikushinda, fundi yupo mji unaofuata.

Ukitaka kuonja msitu bila kugombana na magari, panda njia ya Banks–Vernonia, kilomita 34 juu ya reli iliyong'olewa, ambayo siku hizi ni ya watembea kwa miguu, baiskeli na farasi. Kwa kuwa treni haikuweza kupanda mwinuko mkali, karibu njia nzima ina mteremko wa upole. Ni mahali pazuri pa kujifunza baiskeli yako inavyoyumba ikiwa na mikoba minne kabla hujaipeleka milimani.

Nivukie wapi Cascade?

Swali hili linastahili usiku mzima na ramani. Jibu langu ni McKenzie Pass, barabara ya 242, kama msimu unaruhusu.

Kilele chake kiko mita 1,623. Ukitokea magharibi, kuanzia karibu na kijiji cha McKenzie Bridge, unapanda kilomita 35 hivi. Nusu ya kwanza ni msitu wa misonobari mirefu yenye kivuli na kona zinazojikunja moja juu ya nyingine; nusu ya pili miti inapungua, na ghafla unajikuta katikati ya lava nyeusi iliyoganda, mabonge makubwa kushoto na kulia, utadhani imemwagwa jana. Juu kabisa kuna kibanda cha kutazamia milima kiitwacho Dee Wright, kilichojengwa kwa mawe hayohayo ya lava na vijana wa Civilian Conservation Corps, mpango wa serikali wa kuwapa vijana ajira, na kukamilika 1935. Ingia ndani. Kuta zake zina vidirisha vidogo, na kila kimoja kimeelekezwa kwenye kilele kimoja cha volkano, kwa hiyo ukichungulia unajua mlima unaoutazama. Kisha ni kilomita 24 za kuteremka hadi mji wa Sisters.

Magari yenye urefu unaozidi futi 35, yaani mita 10 na ushei, hayaruhusiwi barabara hiyo, na hilo pekee linatosha kuipendelea kuliko jirani yake, Santiam Pass, ambayo inabeba malori ya masafa marefu.

Tatizo ni theluji. Barabara ya 242 hufungwa majira ya baridi, kwa kawaida kuanzia Novemba, na haifunguliwi kwa magari kabla ya Jumatatu ya tatu ya Juni. Wenye baiskeli wana kipindi chao cha dhahabu hapo katikati. Mitambo ikishasafisha theluji huku mageti bado yamefungwa, baiskeli hupita bila gari hata moja. Hakuna anayekuhudumia humo ndani, na unaweza kukutana na mtambo wa kazi kwenye kona, kwa hiyo shuka kwa adabu. Ukikuta imefungwa kabisa, Santiam hubaki wazi mwaka mzima. Vaa nguo inayong'aa na uanze alfajiri.

Je, kuna maji njiani?

Magharibi, ndiyo, kila mahali. Mashariki, usiiamini ramani.

Mistari ya buluu kwenye ramani ya jangwa la juu inaonyesha maji yanakopita yakiwapo. Vijito vingi hukauka kufikia Agosti, na ardhi ya volkano hunywa mvua kabla haijawa kijito. Vingine vinapita ndani ya ranchi za watu. Maziwa nayo yana hila: Abert na Summer Lake yanapendeza kwa mbali, lakini maji yake ni ya chumvi na magadi. Hata mto mkubwa kama John Day haunywewi hivihivi, maana ng'ombe wanalisha kingoni na vimelea vya giardia havionekani kwa macho. Chuja au chemsha, hata kama maji ni safi kama kioo.

Kwa joto la Julai, hesabu nusu lita hadi lita nzima kwa kila saa ya kukanyaga pedali, kisha ongeza ya kupikia. Kwenye barabara ya lami ya 26, uwezo wa kubeba lita 4 au 5 unatosha. Ukiingia njia za vumbi kusini ya Bend, jiandae kubeba 8. Ni kilo 8, najua. Ukipita shamba lenye watu, omba. Wenyeji wa huko wanajua maana ya kiu na ni nadra kumnyima mtu bomba.

Vituo viko mbali kiasi gani ukishavuka milima?

Chukua barabara ya 26 inayofuatwa na TransAmerica, ile njia ya kilomita 6,800 hivi iliyozinduliwa 1976 inayounganisha Astoria, hapahapa Oregon, na Yorktown, Virginia. Kutoka Prineville hadi Mitchell ni kilomita 77, na kati yao kuna Ochoco Pass yenye mita 1,439. Mitchell hadi Dayville ni kilomita 63 kupitia Keyes Creek Pass. Dayville hadi mji wa John Day ni 50, tena za kufuata mto, raha tupu. Kati ya miji hiyo usitegemee duka.

Sasa, kilomita 77 si nyingi kwa mtu mwenye mazoezi. Kinachowaponza watu ni kuzihesabu peke yake. Wanasema "leo ni sabini na saba tu," wanaondoka saa nne asubuhi, wanafika kilele mchana wa jua kali chupa zikiwa tupu. Panga siku kwa vilele na mabomba ya maji. Kilomita zitajipanga zenyewe. Mwenye mizigo ya kilo 20 akifanya kilomita 60 hadi 90 kwa siku huko, amefanya kazi ya kutosha.

Msimu upi ni mzuri?

Nusu ya pili ya Juni, na Septemba. Juni mito imejaa na maua ya jangwani bado yapo. Septemba joto limepungua na barabara zimetulia baada ya likizo. Julai na Agosti inawezekana, ila mchana nyuzi 35 si ajabu mashariki, na usiku wa siku hiyohiyo unaweza kukutafutisha sweta. Hewa kavu haitunzi joto. Beba mfuko wa kulalia wa maana hata kama mchana ulikuwa unayeyuka.

Na moto wa msituni?

Usiuchukulie kama jambo la mbali. Septemba 2020 moto wa Holiday Farm uliteketeza sehemu kubwa ya bonde la mto McKenzie, njia ileile ya kupandia Cascade, na makovu yake utayapita: vigogo vyeusi vimesimama na vichaka vya kijani vikichipua chini yake. Mwaka uliofuata moto wa Bootleg, kusini, ulichoma zaidi ya ekari 400,000 na kuunguza daraja la kale la mbao kwenye reli ya zamani ya magogo iitwayo OC&E.

Kwa vitendo ni hivi. Tazama TripCheck, mtandao wa idara ya barabara ya jimbo, kila unapopata intaneti. Tazama pia hali ya hewa ya kupumua, kwa sababu moshi hufika kilomita mamia kutoka moto ulipo. Siku ambayo milima ya jirani haionekani na koo linawasha, pumzika. Kukanyaga pedali kunamaanisha kuvuta moshi huo mara kadhaa zaidi ya aliyekaa. Na majira ya kiangazi kuwasha kuni karibu kila mahali ni marufuku. Jiko la gesi lenye swichi ya kuzimia kwa kawaida huruhusiwa, ila soma tangazo la eneo husika.

Niende kuelekea mashariki au magharibi?

Mashariki. Upepo wa mchana wa kiangazi mara nyingi hutoka magharibi, na kwenye bonde la Columbia huwa mkali kiasi kwamba mji wa Hood River umejulikana duniani kwa michezo ya upepo majini. Ukilazimika kwenda kinyume, maliza kazi kabla ya saa sita mchana.

Baiskeli gani? Tairi zipi?

Baiskeli yoyote imara yenye gia nyepesi kweli. Narudia: nyepesi kweli. Watu huja na baiskeli za bei mbaya zenye gia za mashindano, wanaishia kuzisukuma Ochoco. Kwenye gia ya chini kabisa, gurudumu la meno la mbele liwe dogo kuliko la nyuma. Hivyo ndivyo mwinuko unavyotaka ukiwa na mizigo. Keria ya chuma, na spoku za akiba zilizofungwa kwenye fremu.

Kwa lami, tairi za upana wa milimita 35 hadi 40. Kwa vumbi, 45 hadi 50, na upana ukizidi hutajuta.

Nimesikia habari za mbigili.

Ni kweli, upo. Unaota pembeni mwa barabara za mashariki, umelala chini na viua vya njano visivyo na makosa yoyote. Tunda lake likikauka hupasuka vipande vitano, na kila kipande kina miiba inayoelekea juu hata kikiangukaje. Hali huwa mbaya kuanzia katikati ya kiangazi. Adui anakusubiri mahali unapopumzikia: vituo vya mafuta, maegesho ya changarawe, kingo za njia za waenda kwa miguu. Usiiburute baiskeli kwenye majani makavu, ibebe. Na kabla ya kuanza tena, zungusha kila gurudumu taratibu ukipitisha macho. Ukiona kipande kimenasa na hujui kimeingia kiasi gani, kitoe ukiwa na pampu mkononi. Tairi zisizo na tyubu zenye utomvu wa kuziba ndani yake humaliza sehemu kubwa ya tatizo. Wenye tyubu wabebe mbili za akiba na viraka vya kutosha.

Oregon Outback ni ya watu wa aina gani?

Ya watu waliokwishajua kujitegemea. Ni takriban kilomita 585 kutoka Klamath Falls hadi Mto Deschutes unapoingia Columbia, nyingi zikiwa za vumbi na changarawe. Inaanza kwenye OC&E Woods Line, reli ya zamani ya magogo, na huko kuna vipande vya majivu ya volkano vinavyomeza tairi nyembamba. Kisha unakuja uwanda wenyewe: Silver Lake, Fort Rock, masafa marefu bila duka wala bomba.

Fort Rock usiipite mbio. Ni duara la mwamba lililosimama peke yake kwenye tambarare, masalio ya volkano iliyolipuka ndani ya ziwa la kale, na ukuta wake bado unaonyesha mawimbi yalipokuwa yakigonga. Mwaka 1938 mwanaakiolojia Luther Cressman alichimba kwenye pango la jirani na kukuta viatu vilivyosukwa kwa magome ya vichaka vya jangwani, vyenye zaidi ya miaka 9,000. Vichaka vya aina hiyo ndivyo vinavyokukwaruza miguu ukiwa njiani kwenda Fort Rock.

Painted Hills ni mchepuko unaostahili?

Ndiyo, bila kusita. Ziko kilomita 15 hivi kutoka Mitchell, na ni moja ya sehemu tatu za hifadhi ya John Day Fossil Beds. Vilima vimepigwa mistari myekundu, ya dhahabu na nyeusi. Udongo huo ulikuwa majivu ya volkano yaliyogeuka udongo zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Mistari myekundu ni ya vipindi vya joto na unyevu, chuma kiliposhika kutu. Nenda jioni, jua likiwa chini, au mara baada ya mvua wakati rangi zinakolea. Usikanyage udongo, kwani nyayo hukaa miaka. Hakuna kupiga kambi ndani ya hifadhi, kwa hiyo piga hesabu ya kurudi Mitchell, ambako kuna hosteli ya wapanda baiskeli kwenye jengo la kanisa.

Kati ya njia za mito, ipi nzuri zaidi?

Inategemea unachotaka. Ukitaka siku moja tu, zunguka Sherar's Falls kutoka Maupin, kilomita 53. Barabara inabana kando ya Deschutes hadi kwenye maporomoko ambako watu wa makabila ya Warm Springs huvua samoni wakiwa wamesimama kwenye majukwaa ya mbao juu ya maji yanayochemka, nyavu zao zikiwa na mpini mrefu. Ni haki yao ya mkataba na ni kazi yao. Tazama kwa heshima, usielekeze kamera usoni mwa mtu bila kuomba. Baada ya hapo unapanda hadi White River Falls, kwenye mabaki ya mtambo wa zamani wa umeme.

Ukitaka siku kadhaa, John Day. Mto huo wa kilomita 457 ni mmoja wa mito mirefu isiyo na bwawa katika majimbo 48 ya bara. Mzunguko wa Old West, kilomita 280 ukianzia mji wa John Day, unafuata matawi yake na kupanda hadi kwenye misonobari. Magari ni machache kiasi kwamba madereva hukupungia mkono.

Columbia kuna Historic Highway, iliyojengwa kati ya 1913 na 1922. Kipande cha Hood River hadi Mosier hakina magari na kinapita kwenye mahandaki mawili pacha yaliyofunguliwa upya mwaka 2000. Baada ya Mosier, kona za Rowena.

Nitalala wapi?

Hifadhi nyingi za jimbo zina viwanja vya watembea kwa miguu na wapanda baiskeli, bei nafuu na bila kuweka nafasi. Kwenye misitu ya taifa unaweza kupiga hema nje ya kambi rasmi katika maeneo mengi. Miji midogo ya mashariki mara nyingi ina bustani inayoruhusu hema, uliza kwanza. Usilale kwenye ardhi yenye uzio.

Sheria za barabarani?

Unaendesha kulia. Aliye chini ya miaka 16 lazima avae helmeti. Wewe mkubwa vaa tu. Usiku taa nyeupe mbele na taa au kiakisi chekundu nyuma. Tangu Januari 2020, mpanda baiskeli akifika kwenye kibao cha kusimama anaweza kupunguza mwendo na kupita bila kusimama kabisa, ilimradi amempisha mwenye haki. Dereva anayekupita kwa zaidi ya maili 35 kwa saa anatakiwa aache nafasi ya kutosha asikuguse hata ukianguka upande wake.

Sheria ni sheria, na lori la magogo ni lori la magogo. Weka kioo cha pembeni. Ukilisikia nyuma na lingine mbele, na lami haina nafasi, toka kwenye changarawe.

Kuna wanyama wa kuogopa?

Dubu ni weusi tu. Funga chakula mbali na hema. Nyoka wenye njuga mkiani wapo makorongoni, kwa hiyo angalia unapotia mkono kwenye mawe. Upande wa magharibi na bonde la Columbia kuna mmea wa majani matatu matatu unaowasha kama upupu, na kuwasha kwenyewe huanza siku inayofuata.

Simu itashika?

Mijini. Kwenye vilele na makorongo mara nyingi hapana. Pakua ramani kabla, na ukienda peke yako Outback, beba kifaa cha dharura cha setilaiti.

Nafikaje na baiskeli, na nisibebe nini kwenye ndege?

Ndege hadi Portland, kisha treni ya MAX kutoka uwanjani, ambayo inachukua baiskeli. Treni ya Coast Starlight inasimama Portland, Eugene, Chemult na Klamath Falls. Nafasi ya baiskeli ilipiwe mapema kwa kuwa huisha. Mitungi ya gesi hairuhusiwi ndegeni kabisa, nunua ukifika. Jiko liwe safi, bila harufu ya mafuta, la sivyo litabaki uwanjani. Betri ya baiskeli ya umeme inayozidi saa-wati 160 haipandi ndege ya abiria, na karibu zote zinazidi, kwa hiyo mwenye baiskeli ya umeme bora aikodi hukohuko.